Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kuondoa mabomu ya ardhini: ipeni sauti nafasi uwanjani

Kwa wakuu wa mamlaka za kitaifa za kuondoa mabomu ya ardhini, kwa wajumbe wa nchi wanachama wa Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya ardhini ya kulenga watu, na kwa wafadhili mnaoigharimia kazi hii.

Waheshimiwa,

Nina ombi moja, na nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta. Tengeni viwanja, fedha na watu wa kuijaribu, katika mazingira halisi ya kazi, njia ya kutambua mabomu yaliyofukiwa kwa kutumia sauti na mtetemo. Na mtakapoijaribu, ijaribuni kama njia ya kuthibitisha kile ambacho kigunduzi cha chuma kimekwisha kukishuku. Msingoje ije kwenu ikiwa kifaa kilichokamilika, kimefungwa kwenye sanduku na kitabu chake cha maelekezo. Imekaa maabara kwa zaidi ya miaka 20 ikiwa na matokeo mazuri, na sababu kubwa ya kukwama huko ni kwamba imekuwa ikiulizwa swali lisilo lake.

Mimi si mtegua mabomu. Kazi yangu ni kusoma mitetemo, na naandika kwa sababu nayajua vizuri yale ambayo mtetemo unaweza kuyasema, nami naona uchungu kuona elimu hii ikibaki kwenye majarida huku watu wakiendelea kukatwa miguu.

Chombo kikuu cha mtegua mabomu hadi leo ni kigunduzi cha chuma. Kile cha kubebwa mkononi cha kutafutia mabomu kilibuniwa na ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, akiwa Uskoti mwaka 1941, na mwaka uliofuata mamia ya vigunduzi hivyo yalitumika kufungua njia katika viwanja vya mabomu vya El Alamein, Misri, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kosacki hakukiombea hataza. Aliutoa ubunifu wake bure. Vilivyopo sasa ni vyepesi na vina umeme wa kisasa, lakini kanuni ni ileile: kutafuta chuma.

Wakati ule chuma kilitosha. Waunda mabomu nao wakajibu. M14 ya Marekani ni kopo la plastiki lenye upana wa milimita 56, na chuma kilichomo ni kidogo sana, hasa ile ncha ya kugongea fyuzi. Type 72 ya China ni ya jamii hiyohiyo. Ili kulinasa bomu la aina hii, mtegua mabomu analazimika kukiongezea kigunduzi wepesi wa kuhisi, na kikishaongezwa kinalia kwa msumari, kwa ganda la risasi, kwa kipande cha waya, kwa kifuniko cha chupa. Kwenye udongo mwekundu wenye madini ya chuma kinaweza kulia kwa udongo wenyewe.

Mnazijua hesabu za Kambodia. Kati ya mwaka 1992 na 1998, wategua mabomu nchini humo walifukua vitu vipatavyo milioni 200. Vilivyokuwa mabomu au vilipuzi vingine ni kama 500,000, chini ya asilimia 0.3. Kwa wastani, mtu alifukua vitu 400 ili apate kilipuzi kimoja.

Itazameni hesabu hiyo kutoka kwenye mstari wa kazi. Njia ina upana wa mita moja hivi. Kigunduzi kimelia. Mtegua mabomu anaweka alama, anapiga magoti na kinga yake ya uso ikiwa imejaa ukungu wa pumzi, anakata majani kwa mkasi, anauchoma udongo kwa ncha nyembamba, kwa pembe ya kulala, akitafuta ubavu wa kitu asije akakigusa kwa juu. Kisha anauondoa udongo kidogokidogo kutoka pembeni. Dakika zinapita. Anakuta msumari. Anautoa, anapima tena, anasogea kidogo, kigunduzi kinalia tena. Utaratibu hauruhusu afanye haraka, kwa kuwa msumari wa sasa na bomu lijalo vinalia sauti moja masikioni mwake. Gharama ya kusafisha uwanja, kwa sehemu kubwa, ni gharama ya misumari hiyo. Na hatari yake imo humo humo: mkono uliochoka kwa taka mia tatu ndio huo huo unaolifikia bomu.

Sasa, kuna jambo moja ambalo muunda bomu hawezi kulikwepa. Bomu la kukanyagwa limetengenezwa ili libonyee. Liwe la plastiki, la mbao au la bati, liwe la kiwandani au la kuungwaungwa kwa galoni na vipande vya ubao, lazima liwe na kifuniko kinachokubali uzito wa mguu au wa gurudumu, na chini yake pawe na nafasi ya kifuniko hicho kushuka. Jiwe halina hivyo. Msumari hauna, mzizi hauna. Kigunduzi cha chuma kinauliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Sauti inauliza kama kitu hicho kinabonyea. Swali la pili liko karibu zaidi na kile tunachokitafuta.

Inafanyika hivi. Spika kubwa inaelekezwa ardhini na kupiga mvumo mzito, wa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ya kuanzia hezi 80 hadi mia kadhaa. Udongo una vitundu vilivyojaa hewa. Sauti nyingi inadunda na kurudi, lakini sehemu yake inaingia na kuutikisa. Udongo uliolala juu ya bomu unatikisika kama ngozi ya ngoma, kuliko ule wa pembeni, hasa pale mvumo unapofikia masafa ambayo uzito wa udongo wa juu na ulegevu wa kifuniko cha chini vinapatana. Mwendo wenyewe hauonekani kwa macho. Hata maikromita moja haufiki. Mwali wa leza unaomulikwa juu ya ardhi unatosha kuupima, kwa kuwa mwanga unaorudi huwa umebadilika masafa kidogo kulingana na kasi ya ardhi, kwa kanuni ya Doppler. Hakuna anayekanyaga wala kugusa pale panaposhukiwa.

Natamani kila mmoja wenu aione ramani inayotokana na kipimo hicho. Ardhi tupu ina rangi moja, imetulia, na madoa machache yasiyo na umbo. Juu ya bomu la kulipulia vifaru vya kijeshi panatokea duara lenye kingo, lenye upana wa sentimita 30 hivi, upana wa bomu lenyewe. Yapandishe masafa, duara linafifia. Yarudishe, linawaka tena palepale. Jiwe la ukubwa uleule lililofukiwa jirani halina duara. Anayeitazama ramani hiyo haambiwi tu kwamba kuna kitu. Anaonyeshwa umbo lake, ukubwa wake na tabia yake.

Haya si mawazo ya jana. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, James Sabatier na Ning Xiang walionyesha kwa spika na leza kwamba mabomu ya vifaru, na baadaye hata yale ya kulenga watu, yanatambulika kwa njia hii. Katika taasisi ya Stevens, New Jersey, Dimitri Donskoy alikwenda hatua nyingine. Alipiga masafa mawili kwa pamoja na kusikiliza yale ambayo hakuyapiga. Bomu na udongo ulio juu yake vimegusana tu, havikushikamana. Katika kila mtetemo mguso huo unaachia na kurudi, na mchezo huo unazaa masafa mapya, jumla na tofauti ya yale mawili ya mwanzo. Jiwe lililoshikwa na udongo pande zote halizai kitu cha maana. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ubunifu mzuri kuliko wote katika fani yetu, kwa sababu ishara inatokana na ile hulka inayolifanya bomu liwe bomu. Huko chuo cha Georgia Tech, Marekani, nako, Waymond Scott na wenzake walitikisa ardhi kwa kitingishio, wakayafuata mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi kwa rada ndogo badala ya leza.

Ripoti ya taasisi ya RAND ya mwaka 2003 kuhusu njia mbadala za kutambua mabomu ya ardhini ilisema wazi kwamba hakuna kihisi kimoja kitakachotosha, ikashauri vihisi vya aina mbalimbali viunganishwe, na ikaitaja njia ya sauti na mtetemo kuwa miongoni mwa zile zenye ishara chache za uongo, yaani za kuonyesha bomu pasipo na bomu. Mwaka 2003! Tangu hapo, kilichoingia viwanjani kwa wingi ni muungano wa kigunduzi cha chuma na rada ya kupenya ardhi, kama HSTAMIDS iliyotumika Kambodia na Angola. Ni hatua kubwa na naiheshimu. Lakini rada inazimwa na udongo wa mfinyanzi uliolowa, na chuma kinavurugwa na udongo wenye sumaku. Mtetemo haujali umeme wa udongo wala sumaku yake. Palipo pagumu kwa hivyo viwili ndipo penye nafasi ya hiki cha tatu, na nafasi hiyo iko wazi hadi leo.

Najua swali la kwanza linaloulizwa mezani: je, sauti hiyo haitalilipua bomu? Ni swali la haki na lina jibu la hesabu. Sauti ya desibeli 100, ambayo ni kelele kubwa, ina shinikizo la paskali 2. PMN, bomu la Kisovieti lililosambaa pengi duniani, lina upana wa milimita 112, kwa hiyo uso wake ni kama sentimita 98 za mraba. Shinikizo hilo juu ya uso huo ni nguvu sawa na uzito wa gramu 2. Pandisha hadi desibeli 120, sauti ya kuumiza masikio, unapata gramu 20. Bomu hilo linahitaji kilo kadhaa ili lifyatuke. Hata ukiongeza mtikisiko unaokuzwa pale masafa yanapopatana, bado uko mbali sana na hatari. Tahadhari inahitajika kwingine. Kitingishio kinachowekwa juu ya ardhi lazima kikae upande uliokwisha kusafishwa. Tena yako mabomu yenye fyuzi ya kuhisi mtetemo, kama POM-3 ya Urusi iliyoripotiwa Ukraine mwaka 2022, ambayo husimama juu ya ardhi na kungoja hatua za mtu. Mahali panaposhukiwa silaha ya aina hiyo si mahali pa spika wala pa mtegua mabomu anayetembea kwa miguu.

Swali la pili ndilo lililoiua njia hii, nami nataka nilikalie. Linasema: inachukua muda gani kwa mita moja ya mraba?

Tupige hesabu pamoja. Kwa bomu la vifaru unaweza kupima nukta zilizoachana sentimita 5. Mita moja ya mraba ina nukta 400. Ukitumia sekunde moja kwa kila nukta, ni chini ya dakika 7. Kwa M14, yenye upana usiofika sentimita 6, huna budi kuzisogeza nukta hadi sentimita 2, na hapo mita ya mraba inakuwa na nukta 2,500, zaidi ya dakika 41. Mnunuzi anasikia dakika 41 kwa mita moja, anafunga faili. Na kwa swali alilouliza, ana haki ya kulifunga.

Lakini kwa nini tupime mita nzima? Kigunduzi cha chuma kimekwisha kupita na kusema, hapa pana kitu. Mahali penyewe panajulikana kwa sentimita chache. Chukueni kipande cha sentimita 30 kwa 30 kuzunguka alama hiyo: kwa nukta za sentimita 2 ni nukta 225, chini ya dakika 4. Katika dakika hizo mtegua mabomu amekaa nyuma ya alama yake, amepumzisha magoti, na chombo kinafanya kazi ambayo angeifanya kwa ncha na vidole. Na hiyo ni kwa mwali mmoja wa leza. Watafiti wa Mississippi wamekwisha kuunda vifaa vya kupima kwa miali mingi ya leza kwa wakati mmoja, na kwa vifaa vya namna hiyo dakika zinageuka sekunde.

Njia hii ilipimwa kwa kipimo cha mfagio, ilhali kazi inayoifaa ni ya shahidi wa pili. Kosa hilo si la wanasayansi peke yao. Matangazo ya fedha za utafiti, hasa yale ya kijeshi, yalitaka gari linalokwenda kwa kasi na kusafisha barabara mbele ya msafara. Jeshi linalopita usiku mmoja lina mahitaji yake. Anayesafisha ardhi ili watu warudi kuilima ana mahitaji mengine: anaweza kwenda taratibu, lakini hawezi kuacha hata bomu moja nyuma yake, na hawezi kuendelea kulipia misumari 400. Naomba mtofautishe mahitaji haya mawili katika nyaraka zenu za ununuzi, kwa sababu hadi leo yamechanganywa, na aliyepoteza ni wa pili.

Sitawaficha udhaifu wa njia yenyewe. Majani marefu yanaukata mwali wa leza na kutingishwa na upepo, hivyo ardhi lazima ifyekwe kwanza. Rada inayosoma mtetemo inasaidia hapa kwa kiasi. Ardhi iliyoganda kwa baridi inakuwa ngumu kiasi kwamba tofauti kati ya juu ya bomu na pembeni inapotea. Mizizi iliyosukana inaushika udongo. Kadiri bomu linavyokwenda chini ndivyo ishara inavyodhoofika, na bomu dogo lililofukiwa kwa kina ni mtihani mgumu. Chupa tupu na kopo lililofukiwa vinabonyea pia, kwa hiyo ishara za uongo hazitaisha, zitapungua. Na kombora la mzinga ambalo halikulipuka, lililo chuma kizito kila upande, halibonyei, na njia hii inaweza kulipita bila kuliona. Hilo kigunduzi cha chuma kinaliona bila shida. Kwa hiyo alama ambayo mtetemo umeinyamazia isifutwe kwa neno la mtetemo peke yake. Ifutwe pale tu ambapo ishara ya chuma nayo inaonyesha kitu kidogo, na kanuni ya kufuta iandikwe na ijaribiwe kabla ya mtu yeyote kuitegemea kwa mguu wake.

Kanuni hiyo haiwezi kuandikwa bila takwimu, nazo zinapatikana viwanjani tu. Viwanja vingi vya majaribio vina tatizo ambalo halionekani kirahisi: mabomu yake yamefukiwa juzi. Udongo uliochimbwa upya ni mlegevu na unatikisika kwa urahisi, hata pasipo na bomu. Bomu lililolala kwa miaka mingi, misimu ya mvua imepita juu yake, udongo umeshikana na mizizi imelizunguka, lina sauti nyingine kabisa. Chombo kilichofaulu kwenye la juzi hakijafaulu bado. Tengeni viwanja ambavyo mabomu yaliyoondolewa baruti yatafukiwa na kuachwa, na vipimo virudiwe kiangazi na masika, mwaka hadi mwaka, pamoja na mawe, chupa, makopo na misumari iliyofukiwa kwa makusudi. Ni kazi ya bei ndogo kuliko nyingine zote katika fani hii. Inachodai hasa ni subira na eneo lililozungushiwa uzio.

Vigunduzi vya chuma vilikwisha kupewa utaratibu wa pamoja wa kupimwa, ule wa Ulaya wa mwaka 2003 unaojulikana kama CWA 14747, na tangu hapo mnunuzi anaweza kulinganisha kifaa na kifaa bila kutegemea maneno ya muuzaji. Vipimo vya mtetemo vinahitaji utaratibu wa namna hiyo. Ndani yake iwepo sharti moja: atakayetaja idadi ya mabomu aliyoyapata ataje hapohapo ishara za uongo kwa kila mita ya mraba, katika udongo gani na unyevu gani. Namba ya kwanza bila ya pili haina maana yoyote. Hata anayepiga kelele kila anapokanyaga atayapata mabomu yote.

Na data ghafi itolewe. Sisemi muhtasari, wala picha zilizopambwa kwa ajili ya mkutano. Nasema mawimbi yenyewe kama yalivyorekodiwa. Siku hizi kompyuta zinajifunza kutofautisha ishara kwa mifano mingi, na mifano hiyo ipo kwenye diski za maabara chache, mingine imefungwa kwa sababu za kijeshi ambazo muda wake umepita. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Ottawa inawapa nchi wanachama haki ya kushiriki kwa upana iwezekanavyo katika kubadilishana vifaa na taarifa za kisayansi na kiteknolojia kuhusu utekelezaji wa mkataba, na inakataza vizuizi visivyo vya lazima kwa vifaa vya kuondoa mabomu kwa ajili ya kibinadamu. Ibara hiyo imekuwepo tangu mkataba uanze kutumika tarehe 1 Machi 1999. Itumieni. Nchi yenye mabomu iombe data hizo kwa barua rasmi, kwa kutaja ibara, na iliyo nazo ijibu kwa maandishi.

Wawekeni wategua mabomu wenyewe kwenye meza ya usanifu tangu siku ya kwanza. Mhandisi hawezi kukisia kwamba kioo hakisomeki kwenye jua la saa sita, kwamba waya unaoburuzwa ni hatari, kwamba betri inayochajiwa kwa saa nane haina maana kambini kwenye jenereta moja, au kwamba mtu aliyevaa kinga ya kifua hawezi kuinamia kifaa kwa namna ile iliyochorwa. Mambo kama haya ndiyo yanayoamua kama kifaa kitatumika au kitabaki ghalani.

Mtaniambia kuwa zipo njia nyingine zinazofanya kazi. Ni kweli, na nazifurahia. Panya wakubwa wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro wananusa baruti na hawajali chuma hata kidogo. Wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeyasafisha maeneo yake yote ya mabomu yanayojulikana, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia. Wazo la panya nalo lilianza likiwa la kushangaza. Lilipewa uwanja, likapewa miaka, likapimwa kwa masharti magumu, likakubalika. Njia ya sauti haiombi zaidi ya hayo.

Wakati wenyewe si mzuri. Mjini Maputo, mwaka 2014, nchi wanachama mlijiwekea lengo la kumaliza kazi ya kusafisha ardhi, kadiri inavyowezekana, ifikapo 2025. Mwaka huo ulifika na nchi nyingi zilikuwa bado na viwanja vya mabomu. Na ulipofika, Estonia, Latvia, Lithuania, Ufini na Polandi zilichukua hatua za kujitoa katika mkataba. Nasikitika kuandika hivyo. Mabomu yatakayotegwa kesho yatabidi yatafutwe na mtu mwingine, miaka mingi baada ya waliotoa amri kuondoka madarakani. Ripoti ya ufuatiliaji wa mabomu ya ardhini iliyotolewa mwaka 2024 iliorodhesha watu 5,757 waliouawa au kujeruhiwa mwaka 2023. Raia walikuwa asilimia 84, na zaidi ya theluthi ya raia ambao umri wao ulijulikana walikuwa watoto.

Kwa hiyo narudi kwenu na ombi lenye sura ya kazi. Katika mkutano ujao wa nchi wanachama, nchi mbili au tatu zenye viwanja vya aina tofauti, mmoja wa mchanga mkavu, mmoja wa mfinyanzi unyevu, mmoja wa udongo mwekundu wenye sumaku, zijitolee kupokea jaribio la pamoja. Mfadhili mmoja agharimie vifaa, mwingine agharimie wategua mabomu wa kuvitumia kwa misimu miwili mizima. Kila alama ya kigunduzi cha chuma ipimwe kwa mtetemo kabla ya kufukuliwa, ifukuliwe kama kawaida bila kujali mtetemo umesema nini, na kilichokutwa kiandikwe kando ya kipimo. Utaratibu huo haumwongezei mtegua mabomu hatari mpya, kwa kuwa anafukua kila kitu kama afanyavyo sasa. Misimu miwili ikiisha mtakuwa na maelfu ya jozi za ishara na ukweli wake, kutoka ardhi halisi, na mtaweza kuamua kwa ushahidi ni alama ngapi zingeweza kuachwa salama. Matokeo yachapishwe yote, hata yakiikataa njia hii.

Nipo tayari, na wapo wenzangu wengi wa fani hii, kuisoma data hiyo bila malipo.

Wenu katika kazi,
Msomaji wa mitetemo